Naombeni ushauri, mikono inapasuka na kazi yangu ni ya maji

Habari zenu wapendwa. Mimi nafanya kazi saluni, kutwa naosha wateja nywele na kusuuza dawa, sasa huku katikati ya vidole ngozi imepasuka mpaka inatoa majimaji, usiku inawasha silali. Daktari kasema ni ekzema akanipa krimu ya haidrokotisoni, nikipaka inatulia, nikirudi kwenye shampuu inaanza upya. Glavu za mpira nimejaribu ila mkono unatoka jasho humo ndani muwasho ndo unazidi, kuna dada kaniambia nivae za pamba kwa ndani, je zikilowa? Usiku napaka mafuta ya mgando. Kuacha kazi siwezi jamani, ndo inayosomesha watoto.

Naomba kujua, glavu gani zinafaa kuoshea nywele, na hiyo krimu mwisho nitumie kwa muda gani?