Vanila yangu imeota weupe ndani ya chupa: ni fuwele au ni ukungu? Naombeni ushauri

Marando6
Wakuu, habari za jioni. Nina marando sita ya vanila nyuma ya nyumba, nimeyalea miaka minne, na msimu huu ndiyo yametoa maua ya maana kwa mara ya kwanza. Nilichavusha kwa mkono kila asubuhi, maana ua la vanila halingoji: asubuhi limefunguka, jioni limeshanyauka. Nikavumilia miezi tisa, nikavuna maganda yalipoanza kuwa njano nchani. Yalikuwa 70, kilo 1.2 mbichi.

Nilichofanya: niliyatumbukiza kwenye maji ya nyuzi 64 kwa dakika tatu (nilitumia kipimajoto, sikukisia), nikayafunga moto moto kwenye blanketi la sufi ndani ya sanduku kwa siku mbili. Yakatoka ya kahawia, yamelowa jasho. Baada ya hapo kila siku nikawa nayaanika juani saa mbili tatu, nayaanua yangali na joto, nayafunga tena. Siku ya 16 yalikuwa laini kama ngozi na yananukia nyumba nzima. Nikayapanga kwenye chupa ya kioo, nikakaza kifuniko.

Leo ni siku ya tisa tangu nifunge. Nimefungua nikakuta weupe kwenye maganda kadhaa, upande wa kikonyo. Nilishasikia kwamba vanila bora hutoa fuwele nyeupe. Sasa sijui nifurahi au nilie. Natanguliza shukrani.

MamaBustani
Pole, na hongera kwa uvumilivu. Chukua ganda moja usogee nalo dirishani, uligeuzegeuze kwenye mwanga. Fuwele za vanilini, ile kemikali inayoipa vanila harufu yake, ni visindano vyembamba vinavyometameta. Ukungu haumetameti, uko kama pamba au vumbi la unga, na hupenda kuanzia kwenye kikonyo au pale maganda mawili yalipogandamana. Halafu fuwele huja baada ya miezi ya kutulia. Siku tisa ni mapema mno. Je, kioo kina matone kwa ndani? Na harufu ikoje ukifungua tu?

Marando6
Haung'ai, mama. Ni kama pamba. Asubuhi kioo huwa na matone. Harufu ya vanila ipo, ila nyuma yake kuna kitu kama chumba kilichofungwa muda mrefu.

Mzalendo_wa_Shamba
Huo ni ukungu. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, anika jua kali siku mbili, rudisha kwenye chupa. Mimi nimeokoa mengi hivyo.

MamaBustani
Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Spiriti inafuta ule unaoonekana. Kikonyo kikishaingiwa, nyuzi za ukungu ziko ndani ya nyama ya ganda, na hicho ni kitu cha kuliwa. Yaliyoota pamba yatupwe. Yaliyokaa nayo bila kuota yatengwe kwenye chombo chake, yaangaliwe kila siku. Najua inauma.

FundiVanila
Marando6, kabla ya yote, weka maganda kwenye mzani utuambie uzito.

Marando6
Yote pamoja gramu 510, mkuu.

FundiVanila
Basi jibu limepatikana. Kilo tano hadi sita za mbichi ndizo hutoa kilo moja iliyokamilika. Kilo 1.2 yako ilitakiwa ishuke hadi kati ya gramu 200 na 240. Wewe umefunga kifuniko maji yakiwa bado tele ndani ya ganda. Ulaini ulikudanganya, na wengi huwadanganya: ganda huwa laini tangu siku za mwanzo za jua, ila huo ni ulaini wa maji.

Ulipoanzia ulianza vizuri sana. Ganda bichi halina harufu ya vanila. Vanilini imefungwa pamoja na sukari, na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ndani ya mmea) cha kuifungua kimetengwa nayo. Maji ya moto huvunja kuta za seli vikutane, na kule kuvundika kwenye blanketi huvipa joto la kufanya kazi. Ungechemsha, ungekiua kimeng'enya, na hapo hakuna la kuokoa. Harufu unayoisikia ni ushahidi kwamba hukukiua.

Uliruka hatua ya kivuli. Ukishatoa mabovu, yaliyobaki yatandaze juu ya wavu, chumba chenye hewa, jua lisiyafikie, yasigusane. Yageuze kila siku. Hii huchukua mwezi hadi miezi mitatu, na maganda manene huchelewa kuliko membamba, kwa hiyo usiyatoe yote siku moja. Lililo tayari unaweza kulizungusha kwenye kidole bila kupasuka, limekunjamana kwa urefu, lina mafuta mafuta, na ukilibinya halitoi maji. Hapo ndipo chombo cha kufunga kinapoingia, kwa miezi mitatu mingine, huku ukifungua mara kwa mara na kunusa kila fungu. Chupa hiyo uioshe kwa maji yanayochemka na uikaushe kabisa.

Mzalendo_wa_Shamba
Nimesoma. La spiriti naliacha. Yale yangu nami niliyafunga mapema, sasa naelewa kwa nini yalirudia.

Marando6
MREJESHO, wiki ya saba kivulini. Nilitupa maganda 11. Nililia kidogo, sisemi uongo. Yaliyobaki 59 leo ni gramu 215. Membamba yanazunguka kidoleni bila shida. Manene kama kumi hivi bado yamevimba katikati. Ile harufu ya chumba haipo tena. Nifunge?

FundiVanila
Hesabu yako sasa ianzie kilo moja ya mbichi, siyo 1.2, kwa kuwa 11 yametoka. Kwa hiyo lengo ni gramu 170 hadi 200. Membamba funga. Hayo kumi yaache kwenye wavu wiki mbili zaidi, kisha yapime peke yake.

MamaBustani
Na uliyofunga, fungua kesho asubuhi mapema uangalie kioo. Ukiona hata tone moja, yarudi wavuni.