Mrejesho: Picha za zamani za Ziwa Baringo nimezipata

Mwezi uliopita niliwauliza ni wapi ningepata picha za setilaiti za serikali, zisizolipiwa, zinazoonyesha Ziwa Baringo kabla maji hayajapanda. Nawashukuru kwa dhati walionielekeza kwenye hifadhi ya picha za mfululizo wa setilaiti uitwao Landsat, ambayo Idara ya Jiolojia ya Marekani, USGS, inaitoa bure tangu mwaka 2008, ikiwa na picha zilizoanza kupigwa mwaka 1972 baada ya NASA kurusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo huo. Nilijisajili, nikachora mpaka kuzunguka ziwa kwenye ramani, kisha nikaziondoa picha zenye mawingu mengi. Hatua hiyo msiidharau, kwani iliniokolea siku nzima. Nilipoweka picha ya miaka ya 1980 kando ya ile ya mwaka 2020, niliona ufuo wa Kampi ya Samaki, nilikokuwa nikitembea utotoni, umemezwa na maji, na moyo ukaniuma. Kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, ni mita 30 kwa 30 ardhini, hivyo nyumba mojamoja hazitambuliki, lakini ukingo wa ziwa unasomeka wazi. Sasa ninaandaa ramani ya kuwapelekea wazee wetu.