Mjadala: Kanisa limepigwa mawe, bomba la kanisa lifungwe?

Mleta mada
Bwana asifiwe, na kwa wasio wa kwetu, habari za leo. Nina jambo linaninyima usingizi, tulijadili bila matusi.

Kanisa letu liko mtaa mmoja wa pwani, sitautaja. Tuna kisima tulichochimba kwa michango yetu, ndoo shilingi 50, anachota yeyote. Wachotaji wengi ni Waislamu, maana ndio wengi mtaani. Mwezi uliopita kwaya ikiwa mazoezini mawe yalianza kunyesha kwenye bati. Kokoto za watoto tumezizoea. Safari hii yalikuja ya kujaza kiganja. Moja likapita dirishani, likampata binti wa sauti ya pili juu ya nyusi. Fomu ya polisi ya matibabu, PF3, na nyuzi nne. Kijana mmoja wa bodaboda amekamatwa. Inasemekana chanzo ni mhubiri mgeni tuliyemwalika kwenye mkutano wa nje, akamsema Mtume wao kwenye spika.

Mama wa huyo kijana huja bombani saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya foleni. Anajaza ndoo zake mbili huku anatazama chini, anaacha shilingi mia mezani, anaondoka bila salamu. Zamani tulikuwa tunataniana naye.

Wazee wa kanisa wamegawanyika. Kuna wanaotaka bomba lifungwe kwa muda ili mtaa "ujue thamani yetu". Kuna wanaotaka tusamehe yote na kesi ifutwe, kwamba huo ndio ufuasi. Mimi pande zote mbili zinanikera na sijui kwa nini. Mnasemaje?

Mchangiaji, Mwanza
Fungeni. Upole huu tunajidanganya nao. Oktoba 2012 Mbagala makanisa yalivamiwa na kuchomwa kisa ubishi wa watoto wawili, mmoja kaambiwa ukiikojolea Kurani utageuka nyoka, naye akajaribu. Watoto! Februari 2013 huku kwetu Kanda ya Ziwa, Buseresere, mchungaji Mathayo Kachila akauawa kwenye ugomvi wa nani achinje mifugo, Mkristo au Muislamu. Hata wiki haijaisha, Padre Evarist Mushi akapigwa risasi Zanzibar Jumapili asubuhi, siku ya misa. Mei, bomu Olasiti, Arusha, watu wako kwenye uzinduzi wa parokia. Kila mara tunaambiwa tusamehe, na tunasamehe. Tumepata nini? Sisemi mrushe mawe, ndugu yangu. Kufunga koki si kumrushia mtu jiwe.

Mchangiaji, Dar
Mkuu wa Mwanza, Yakobo na Yohana walikuwa na hoja hiyo hiyo. Kijiji cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu kwa sababu tu alikuwa anaelekea Yerusalemu. Ugomvi wa dini mtupu. Wakaomba ruhusa washushe moto. Soma Luka 9: waliokemewa ni wao wawili, Wasamaria hawakuguswa, safari ikaendelea kijiji kingine. Geuza ukurasa tu, sura ya 10, anayefunga majeraha ya mtu njiani ni nani? Msamaria.

Lakini wa upande wa kufuta kesi nao wasitafute mstari wa kujificha. Alipopigwa kofi kwa kuhani mkuu, Yesu aliuliza: wanipigia nini? Paulo kule Filipi alichapwa na kutupwa gerezani bila hukumu, kesho yake wakataka kumtoa kimya kimya. Akagoma. Waje wenyewe watutoe, alisema. Halafu kesi ya jinai ni ya Jamhuri, kanisa ni mlalamikaji na shahidi, si lenye faili. Mnagombania ufunguo wa nyumba ya watu.

Muislamu, Tanga
Asalaam alaikum. Nilikuwa nasoma tu, nimeona niseme. Jiwe halina utetezi, aliyerusha ahukumiwe. Ila mleta mada lile la mhubiri umelipitia mbio mbio. Sisi tunalala na hizo spika mpaka saa nane usiku, dini yetu inachambuliwa mtu yuko kitandani kwake. Mtaniambia na mihadhara yetu iko hivyo hivyo. Kweli, nimeisikia, na kuna siku niliondoka kwa aibu. Sasa mkimwalika mtu atukane, halafu maji mkayageuza fimbo, mtakuwa mmethibitisha maneno ya vijiweni kwamba huduma zenu ni ndoano.

Na kuna ule mkataba wa 1992 baina ya serikali na makanisa, wa huduma za afya na elimu. Hospitali teule ya wilaya ina jina la mtakatifu getini, mishahara inatoka hazina, kodi yangu na yako. Mama yangu alilazwa kwenye mojawapo. Masista walimhudumia vizuri mno, hakuna aliyetuuliza dini, nawaombea kheri mpaka leo. Lakini kinacholipwa na kodi ya wote msikihesabu kuwa ihsani yenu peke yenu.

Mleta mada
Shekhe, kisima hakina hata senti ya serikali, hilo niliweke sawa. La mhubiri umenishika pabaya. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa kwenye mitambo. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe cha sauti, ningeweza kupunguza. Sikupunguza, watu walikuwa wanashangilia.

Mchangiaji, Mwanza
Kwa hiyo sasa kosa ni letu?

Mleta mada
Sijasema hivyo. Nimesema sikupunguza sauti.

Dada, Mombasa
Jamani, huku Kenya tumelipita hili kwa machungu. Novemba 2014 basi lilisimamishwa Mandera na Al-Shabaab, wasio Waislamu wakatengwa, watu 28 wakauawa. Aprili 2015 ikaja Chuo Kikuu cha Garissa, wakauawa 148. Nasema ukweli wangu mbele ya Mungu: nilianza kumkwepa jirani yangu wa mlango wa pili, mama niliyekuwa nikiachiana naye ufunguo. Desemba mwaka huo huo basi jingine likatekwa, kaunti ile ile ya Mandera. Abiria Waislamu wakakataa kutengana na wenzao, akina mama wakawafunika wanawake wa Kikristo kwa mitandio yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, akafariki Januari. Nilibisha mlango wa pili na sukari kilo moja, sikujua niseme nini. Yeye akasema karibu chai.

Lakini nilichokuja kusema ni kingine. Nimesoma tangu juu: wazee wanasamehe, wazee wanafunga, mpaka Paulo ametajwa. Binti mwenye nyuzi nne hakuna aliyemtaja tena. Mmemuuliza?

Mleta mada
Dada, hatukumuuliza. Nimemfuata leo alfajiri anakokaangia maandazi. Nyuzi zimetolewa, anasema kovu linamuwasha akiinamia jiko.

Nikamweleza habari ya kikao. Akaendelea kugeuza maandazi. "Bomba limekosa nini? Yule mama hakunirushia jiwe. Ananunua hapa kila siku, siku hizi anatuma mtoto." Nikamuuliza na kesi je? "Siendi kusema sijui kitu. Nitasema nilivyoona. Wasiniletee mistari, mistari naijua. Kijana akitoka, akaja mwenyewe akaniambia kwa nini, tutaongea. Lakini aje yeye, asiletwe na wazee."

Kisha akaniuliza kama yule mhubiri atarudi Agosti, kwenye mkutano wa mwaka. Nikasema bado hatujaamua. Akanifungia maandazi manne kwenye gazeti, hela akakataa.

Kikao ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Kura yangu: bomba wazi, kesi iendelee, mhubiri asiitwe. Nimeandika barua binti naye aitwe mezani. Katibu ameipokea, mwenyekiti hajajibu.