Tupeane uzoefu: kufundisha wanachuo kutafuta taarifa za risechi, kilikukuta nini?

mkutubi_wa_ziwani: Wakuu habari za jioni. Mimi ni mkutubi kwenye chuo kimoja hapa Mwanza, kila mwaka wa tatu wakianza proposo napewa masaa mawili, mawili tu, niwafundishe watu mia na kitu kutafuta taarifa. Nusu wanakujaga kusaini tu. Zamani nilikuwa nawamwagia slaidi, paswedi hii hapa, kwaherini. Wiki ijayo wanarudi, "madam hakuna kilichoandikwa kuhusu mada yangu".

Siku moja nikamkalisha binti mmoja, nikamwambia tafuta nikuone. Mada yake dagaa wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, namna wanavyoharibika kipindi cha mvua. Akaandika kichwa cha risechi yake chote, maneno kama ishirini, akabonyeza. Hamna kitu. Nikamwambia futa yote bakiza dagaa. Zikaja kibao ila nyingi za Kigoma, na dagaa wa Tanganyika ni samaki mwingine kabisa. Nikamuuliza, Wakenya dagaa wetu wanamwitaje? Omena. Waganda? Akakwama, kumbe hosteli analala chumba kimoja na Mganda, akampigia hapohapo: mukene. Tukaandika omena OR mukene OR Rastrineobola, hilo la mwisho ni jina la kitaalamu, na OR kwa herufi kubwa maana ukiiweka ndogo Google Scholar haielewi kwamba ni amri. Mtoto wa watu alibaki anaskroli tu mdomo wazi. Ziwa moja nchi tatu, yeye alikuwa anatafuta kwa jina la nchi moja. Slaidi niliacha siku hiyo, siku hizi naanza na samaki. Nyie wenzangu je?

ticha_wa_Igoma: Madam hiyo ya omena naiba. Mimi nina kijana kaniletea rejea 14 zimepangwa vizuri kuliko zangu, nikashtuka. Nikachukua ya kwanza, mwandishi yupo kweli, jarida lipo, toleo lipo, nafungua ukurasa nakuta makala ya mtu mwingine na habari nyingine. Nikabandika namba za DOI, zile za utambulisho wa kila makala, kule doi.org, tatu zikagoma, moja ikanipeleka kwenye meno ya watoto na yeye anasoma uhasibu. ChatGPT hiyo, imemtungia rejea. Sikumgombeza, nikamwambia nenda kaniletee hizo makala zenyewe. Karudi baada ya siku mbili kanyong'onyea, "ticha hazipo". Basi sasa tuanze.

Sato_wa_kuchoma: Enzi zetu hakukuwa na ChatGPT kulikuwa na steshenari 😂 unaenda na fleshi unachagua risechi ya mtu. Jamaa yetu alipewa ya Kiswahili iliyofanyika Moshi, akaamuru kompyuta ibadilishe kila penye Moshi iweke Ilemela, akaprinti bila kusoma. Siku ya kutetea paneli inasoma "akina mama huumwa macho kutokana na ilemela wa kuni". Prof alivua miwani akaifuta akasoma tena. Aliyekuwa amekaa mlangoni alitoka nje kwa kucheka.

nesi_mtarajiwa: Mi nilikuwa karibu kumkopa bibi hela ninunue makala ya kichocho, wanataka dola 30 na kitu. Makala moja! Mkutubi akanisikia akauliza, kwani Hinari hujaingia? Kumbe kitu kipo tangu 2002, WHO wamekubaliana na wachapishaji, vyuo vya nchi kama zetu vinasoma bure au kwa bei ndogo, na watu wa kilimo na uvuvi wana yao inaitwa AGORA. Nilijiona mjinga jamani. Ila nimlaumu nani, siku ya mafunzo nilisaini nikaondoka.

mkutubi_wa_ziwani: @nesi_mtarajiwa saini yako bado ninayo 😄

mzee_wa_daftari: Sawa mnacheka ila lawama msiwape watoto tu. Mtu mnamuacha miaka miwili anakopi na kupesti asaimenti mnampa maksi, mwaka wa tatu ndo mnamwambia kuna rejea. Masaa mawili hayo wapeni wa kwanza, tena wakiwa ishirini ishirini mbele ya kompyuta sio ukumbini wanatazama ukuta.

mkutubi_wa_ziwani: Mzee hapo umenigusa. Kompyuta zinazowaka ni tisa, lakini nitaomba.

mgeni_wa_Nyegezi: Samahanini, hiyo paswedi ya Hinari inabandikwaga wapi? Nina mwaka wa tatu huu na maktaba sijawahi kupita pale kwenye vyoo vya chini.