Naomba ushauri: kuomba amri ya kufukuzwa nchini itenguliwe

Habari zenu wakuu. Mume wangu alifukuzwa Uingereza baada ya kumaliza kifungo. Mimi na watoto tumebaki huku. Tulidhani miaka ikipita amri inakufa yenyewe, kumbe wapi! Kwa Sheria ya Uhamiaji ya 1971 inabaki hai mpaka itenguliwe. Sasa tunataka kuomba itenguliwe, yeye akiwa huko huko nje. Tuna vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya shule na uthibitisho kwamba hajarudia kosa. Mliowahi kupitia hili, kipi kilibeba uzito zaidi: watoto au muda uliopita? Na maelezo ayaandike mwenyewe au wakili? Wa kwanza alitula hela tu, naogopa kutapeliwa tena.