Disney ya Orlando tukiwa na mtoto wa miaka miwili na nusu, wa miaka mitano na bibi yao: tupange vipi?

Mama Twalib (Columbus, Ohio)

Asalaam aleikum, na habari za wakati huu kwa ndugu wote. Naomba ushauri wa waliokwisha kwenda. Mimi na mume wangu tuna watoto wawili: Salma, mwenye miaka mitano, na Twalib, atakayetimiza miaka mitatu mwishoni mwa Septemba. Mama mkwe wangu atakuja kutoka Pangani mwezi Juni na atakaa nasi hadi Novemba. Hii ni mara yake ya kwanza kutoka nje ya Tanzania, na magoti yanamsumbua kiasi kwamba hawezi kusimama kwa muda mrefu.

Tumeweka akiba kwa miaka miwili ili tuwapeleke wote Walt Disney World, eneo la Disney pale Orlando, Florida, lenye bustani za michezo ya kupanda. Mume wangu amekwishapanga ratiba ya siku nne mfululizo, kila siku bustani moja: Magic Kingdom, Epcot, Hollywood Studios na Animal Kingdom, kuanzia lango linapofunguliwa hadi fataki za usiku. Hoja yake ni kwamba tiketi ni ghali mno, kwa hiyo kila saa itumike. Mimi nina mashaka. Mwaka jana tuliwapeleka watoto kwenye maonyesho ya hapa jirani, na baada ya saa mbili tu Twalib alilia mpaka akalala begani kwa baba yake, huku Salma akigoma kutembea.

Naomba mnisaidie kwa mambo matatu. Je, siku nne za namna hiyo zinafaa kwa watoto wa umri huu? Twende Agosti, au tusubiri Oktoba joto lipungue? Na je, yupo mzee aliyekwenda kule akafurahi kwa haki yake mwenyewe, si kwa kukaa kwenye benchi akilinda mifuko yetu?

Bi Rehema (Tampa, Florida)

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimeishi Florida miaka kumi na sita, na nimekwenda Disney kwanza na wanangu, kisha na wajukuu. Nakuomba umwambie mumeo, kwa upole, kwamba ratiba hiyo ni ya watu wazima.

Eneo lote la Disney pale Orlando lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 100, na kutoka bustani moja hadi nyingine ni safari ya gari au basi. Hata Magic Kingdom yenyewe, ukishaegesha gari hujafika: unapanda ama treni ya reli moja ama feri ya kuvuka ziwa, ndipo ulifikie lango. Ukijumlisha kukunja kigari cha mtoto, ukaguzi wa mifuko na kwenda msalani, mtoto wa miaka miwili anakuwa amekwishatumia sehemu ya uvumilivu wake kabla hajaona chochote. Mtoto huyo ana saa nne au tano nzuri kwa siku. Hizo ndizo za kupangia safari, na ukimlazimisha kuzivuka, fedha mliyoilipa inaliwa na kilio.

Kwa hiyo acheni Epcot na Hollywood Studios hadi watoto wakue. Nunueni tiketi za siku tatu: Magic Kingdom mara mbili na Animal Kingdom mara moja, na katikati muwe na siku nzima ya kukaa hotelini na kuogelea. Kila siku ya bustani mfike kabla lango halijafunguliwa, maana saa mbili za mwanzo foleni ni fupi kuliko wakati wowote wa mchana. Ikifika adhuhuri, tokeni. Watoto wale na walale kwenye chumba chenye kipoza hewa. Wakiamka na nguvu, mnaweza kurudi jioni kwa tiketi ileile na kuona fataki. Wasipoweza, fataki zitaachwa, na wala wao hawatajua kwamba wamekosa kitu.

Kuhusu wakati, ningechagua nusu ya pili ya Agosti. Shule nyingi za Florida hufunguliwa kabla ya katikati ya mwezi huo, hivyo umati hupungua. Lililo kubwa zaidi ni kwamba Disney haimtozi kiingilio mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Tiketi ya mtoto ni ya miaka 3 hadi 9, na kuanzia miaka 10 analipiwa kama mtu mzima. Mkisubiri Oktoba, Twalib atakuwa amekwishatimiza mitatu, nanyi mtamlipia kila siku. Angalieni tu kwamba ndege ina kanuni yake: mtoto akishatimiza miaka miwili hapakatwi tena, ni lazima awe na kiti chake.

Sitakuficha kwamba Agosti ni joto la fukuto, na mvua za radi hunyesha karibu kila alasiri. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoka adhuhuri. Tena Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga, kwa hiyo kateni nafasi ya hoteli inayoweza kufutwa bila hasara.

Baba Imani (Houston, Texas)

Shikamoo Bi Rehema. Nakubaliana na yote uliyoyasema, na ningependa kuongeza yale tuliyojifunza kwa machozi.

Mama Twalib, mpimeni Salma urefu nyumbani, akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo, kabla hamjamwahidi mchezo wowote. Binti yangu alikuwa na sentimita 110 tulipokwenda. Nilikuwa nimemsimulia habari za Space Mountain, treni ya kasi ya gizani, kwa wiki nzima, bila kuangalia kwamba pale wanataka sentimita 112. Tulifika mlangoni, akapimwa, akarudishwa, na alilia kwa uchungu ambao mpaka leo nikiukumbuka najilaumu. Kosa halikuwa la mpimaji, kwa kuwa kanuni hiyo ni ya usalama na haina upendeleo. Treni ya Seven Dwarfs huanzia sentimita 97, kwa hiyo huenda Salma akaruhusiwa. Ipo pia michezo mingi isiyo na kipimo chochote, kama tembo warukao wa Dumbo, farasi wa kuzunguka, na mashua ya "it's a small world", ambayo inapita ndani ya jengo lenye ubaridi na ambayo mwanangu mdogo aliomba kuirudia mara nne.

Kwa michezo ambayo Twalib hatafikia kipimo, muulizeni mhudumu wa mlangoni utaratibu uitwao Rider Switch. Mzazi mmoja huingia huku mwenzake akibaki na mtoto mdogo, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Hauna malipo ya ziada.

Chukueni kigari cha watoto wawili, hata kama Salma ameacha kupanda kigari tangu zamani. Simu yangu ilihesabu kilomita 13 kwa siku moja, na hizo si kilomita za miguu ya miaka mitano. Kisizidi upana wa sentimita 79, wala sentimita 132 kutoka mbele hadi nyuma, maana kikubwa zaidi ya hapo hakiruhusiwi. Kifungeni utepe wa rangi kali au kitambaa cha kanga, kwa sababu mkitoka kwenye mchezo mtakuta vigari mamia vinavyofanana, tena wahudumu huvisogeza.

Chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa, ilimradi hakuna chupa za glasi wala kitu kinachohitaji kupashwa moto. Sisi tulibeba maandazi, mayai ya kuchemsha, kuku tuliyemnunua kwenye bucha ya halali na kumwoka wenyewe, na matunda yaliyokatwa. Maji ya baridi hutolewa bure kwenye migahawa ya chakula cha haraka, ukiomba. Kila bustani pia ina kituo cha watoto wachanga chenye meza za kubadilishia nepi, chumba tulivu cha kunyonyeshea na mahali pa kupasha chakula cha mtoto. Wengi hawakijui, nasi tulikigundua siku ya mwisho.

Neno moja kuhusu wale wahusika waliovaa vinyago vikubwa. Mtoto wa umri wa Twalib anaweza kumpenda Mickey kwenye televisheni na akaogopa sana kumwona mbele yake akiwa mkubwa kuliko baba. Msimsukume kwa ajili ya picha. Simameni mbali, mwacheni apunge mkono, na akitaka kusogea atasogea mwenyewe.

Mwana wa Bagamoyo (Kissimmee, Florida)

Mama Twalib, nimeguswa na swali lako la tatu. Mleteni mama, na siku ya Animal Kingdom muifanye kuwa siku yake.

Ndani ya bustani hiyo kuna mji wa kubuni uitwao Harambe. Waliousanifu walisafiri hadi pwani yetu, na Lamu ni mojawapo ya miji waliyoiiga. Mama atakuta kuta za chokaa zilizobabuka, vibao vya Kiswahili, na maandishi ya Uhuru na mwaka 1961. Nilipompeleka mama yangu mwaka juzi, alisimama mbele ya ukuta mmoja na kuusoma kwa sauti, neno kwa neno, na wajukuu wake waliozaliwa huku wakamzunguka kumuuliza kila neno lina maana gani. Kwa siku tatu walikuwa wao wanaomtafsiria Kiingereza. Pale zamu ikageuka, na uso wake ulibadilika.

Hapo Harambe ndipo inapoanzia safari ya lori iitwayo Kilimanjaro Safaris, ya dakika 20 hivi, yenye twiga, tembo, vifaru, viboko na simba walio hai. Nendeni asubuhi, kwa kuwa wanyama huonekana zaidi. Barabara imetengenezwa kwa makusudi iwe ya kurukaruka, kwa hiyo mama akae katikati ya benchi na ashike vizuri. Mama yangu, aliyezaliwa na kukulia Bagamoyo, alimwona simba kwa macho yake kwa mara ya kwanza akiwa Florida. Nilifurahi kwa ajili yake, na pia niliumia, nikijua gharama ya kwenda Serengeti ilivyo mbali na mfuko wa mzazi wa kawaida kwetu.

Jirani na hapo ipo njia ya miguu ya kuwatazama gorila, ambayo leo inaitwa Gorilla Falls lakini zamani iliitwa kwa jina la Pangani. Mwelezeni mama habari hiyo. Najua Pangani haina gorila hata mmoja, lakini kusikia jina la mji wako lilifika huko kabla yako ni jambo la kumfurahisha mtu.

Kodini kiti cha magurudumu langoni asubuhi, hata akisema anaweza kutembea. Onyesho la Festival of the Lion King hutazamwa mkiwa mmekaa kwa nusu saa hivi, ndani ya ukumbi wenye ubaridi. Bustani hii haina fataki, kwa hiyo hamna sababu ya kusubiri usiku.

Mama Twalib

Ndugu zangu, nimemsomea mume wangu majibu yote. Alinyamaza kidogo, kisha akafuta siku mbili katika ratiba yake. Tutakwenda wiki ya tatu ya Agosti. Limebaki swali moja: je, inafaa kulala kwenye hoteli ya Disney ya Animal Kingdom Lodge, ambako wanasema wanyama huonekana kutoka dirishani, au tutafute nyumba ya kukodi Kissimmee, mji wa jirani, kwa bei nafuu?

Bi Rehema

Chukueni nyumba yenye jiko, mwanangu, isiyozidi dakika 20 kwa gari, vinginevyo ule usingizi wa mchana hautawezekana. Wanyama hao mnaweza kuwaona bila kulala pale. Ile siku ya mapumziko wekeni nafasi mapema kwenye mgahawa wa Sanaa, ulio katika jengo la Kidani Village la hoteli hiyo. Madirisha yake yanatazama uwanda wenye twiga na punda milia, na huleta naan za moto pamoja na chatne za aina nyingi. Mama mkwe wako atakaa kitini, atakula kwa nafasi, na watoto watakuwa dirishani.

Na kila asubuhi, kabla hamjatoka, mwandikieni Twalib namba ya simu yako mkononi kwa kalamu isiyofutika kwa maji.