Stefanie Powers wa Hart to Hart alifikaje Nanyuki?

Swali: Wakuu, mama anamkumbuka Stefanie Powers kwenye runinga. Nimesikia anahifadhi wanyama Nanyuki. Ni yuleyule?

Jibu: Ni yuleyule. Tamthilia yake na Robert Wagner ilirushwa 1979 hadi 1984. Mpenzi wake, mwigizaji William Holden, alikuwa na ranchi ya wanyama chini ya Mlima Kenya. Alipofariki 1981, Stefanie hakuacha kazi ile ife. Mwaka uliofuata akaanzisha wakfu kwa jina la marehemu.

Jibu: Naongezea, mimi ni mtoto wa Nanyuki. Tukiwa darasa la sita tulipelekwa kituo chao cha elimu. Siku hiyo ndipo nilipomwona bongo wa mlimani, aina ya swala mkubwa wa msituni: mwekundu, michirizi myeupe mbavuni, masikio makubwa kama majani ya mgomba. Nilikua nautazama msitu anamoishi na sikuwahi kumjua! Porini hawafiki 100. Mwaka 2004 waliletwa 18 kutoka bustani za wanyama za Marekani, wazaliane hapo ranchini. Hadi leo sipiti na shoka karibu na msitu ule.

Aliyeuliza: Asanteni sana. Nimemsomea mama, anauliza matatu ya Nanyuki zinapakia wapi.